Risasi

Nilijifunza kusoma kinyume,
herufi zikiwa kichwa chini miguu juu,
za risasi, baridi, ndogo kama meno ya paka,
kwenye karakana ya baba, Mtaa wa San Biagio,
Napoli.
Kazi yangu kuzirudisha vijumbani mwao
baada ya kupiga chapa:
a kwa a, e kwa e,
vidole vyeusi hadi Jumapili.
Padri aliponipa komunyo alitazama kucha zangu,
akameza neno.

Kipupwe kile mfalme alikimbia kwa merikebu
na fedha za benki,
na waandishi waliokuwa wakija usiku
wakaanza kuja mchana kweupe.
Don Ferrante Mollica, wakili, soksi zimetoboka visiginoni,
alitusomea kwa sauti, wino haujakauka:
akili ni taa,
na taa haiulizi nyumba ni ya nani.
Abate Vairo akambishia juu ya mkato mmoja
tangu kahawa ya kwanza hadi mishumaa.
Mkato!
Na nje mkate umepanda bei mara mbili.

Nakumbuka siku tulipoishiwa à,
ile yenye alama kichwani
kama kofia iliyosukumwa na upepo.
Kila ukurasa ulitaka libertà, libertà,
nasi tulikuwa nazo kumi na saba tu.
Baba akasema, "Waambieni uhuru wautumie kwa kipimo."
Don Ferrante akacheka hadi akakohoa,
kisha akatwaa kisu
akachonga à yake kwa mti wa mlimau,
akajikata kidole.

Nilimuuliza nikimfunga kitambaa:
Bwana, hapa mmeandika watu wote.
Mimi nimo?
Akatazama dirishani.
Hakuwa mwepesi wa kudanganya.
"Umo," akasema,
"ila ukurasa wako hatujaufikia."

Nililala na jibu hilo
kama mwiba wa samaki kooni.

Huko Mercato, Nunziata muuza utumbo
alifungia bidhaa yake gazeti letu.
"Haki za binadamu," aliniambia,
"zinashika mafuta vizuri."
Sikumlaumu.
Walimwandikia kwa lugha ya mahakamani,
yeye aliyezaa, akatukana na kuzika
kwa Kinapoli.

Juni, jeshi la kadinali lilipofika darajani
na misalaba yake na mapanga yake,
ngome ikatuma mtu kuomba risasi.
Baba hakusema kitu. Alileta sufuria ya maharage.
Tuliyeyusha Haki kwanza
kwa kuwa zilikuwa herufi kubwa, nzito.
Kisha Taifa. Kisha vile vidogo,
na, kwa, lakini,
na mikato yote ya Abate Vairo
ikaenda bila ubishi.

Risasi ikawa risasi.
Jina halikubadilika hata kidogo.
Sijui sentensi gani ilimpata nani.

Agosti walimnyonga Don Ferrante palepale Mercato.
Mimi sikwenda; nilijifungia na vijumba vitupu,
nikavifuta vumbi kimoja kimoja.
Nunziata alikwenda, aliuza sana siku ile.
Jioni akapita mlangoni, hakuingia.
"Alikuwa amevaa soksi nzima," akasema,
akasimama kidogo,
akaniachia utumbo bila kunidai,
umefungwa kwa jani la kabichi.

Sasa mimi ni bibi.
Ukurasa wangu, kama upo, sijauona bado,
na macho haya yanataka mwanga mwingi.
Lakini ile à haikuyeyuka, ilikuwa mti.
Inalala kwenye kopo la chumvi.
Kila Pasaka naigandamiza juu ya mkate mbichi
nayo inasomeka sawasawa, wima, kofia upande.
Wajukuu wanadhani ni alama ya nyumba yetu.
Wanagombania kipande hicho.
Ndicho wanachokila kwanza.